Kufukuza Ndege Si Kupumzika

Kwako Baba, nyumbani Sange,

Nakusalimu kwa heshima yote uliyonilea nayo, ingawa leo imebidi niitafute kwanza ndipo niipate. Kiuno kimepoa? Jicho la Mama je? Mimi ni mzima huku Ubelgiji, ila baridi imenipasua midomo. Basi, salamu zimetosha. Nina hasira, Baba, na nitaisema.

Mdogo wangu Neema amenitumia vocal, sauti yake mwenyewe, kwa foni ya Mama. Alikuwa anaongea polepole kama mtu anayepanda mlima:

"Yaya, ile siku sikusikia hata ndege moja. Niliona tu macho inafunga. Baba anasema niko muvivu. Weye unafikiri minye niko muvivu kweli?"

Mtoto ametoka hospitali na malaria iliyokaribia kumuua. Amerudi nyumbani miguu inatetemeka. Mkasema asichote maji, asitwange, apewe kazi nyepesi. Na kazi nyepesi mliyoiona ni kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga! Namsikia Shangazi kabisa: "Kazi ya ndege ni kazi gani? Si iko kukaa tu?"

Kukaa tu! Mimi nimeifanya kazi hiyo miaka yote ya utoto wangu. Unakaa juani tangu alfajiri, unavuta kamba za makopo, unapiga kelele mpaka koo linakauka, na ukisinzia kidogo tu ndege wameshuka. Ni kazi pekee ninayoijua ambayo kupumzika ndiyo dhambi yake. Ndiyo mliyompa mgonjwa apumzike.

Akalala. Ndege wakala. Nawe ukatoa sheria ya marehemu Babu, kwamba aliyewaachia ndege shamba haonji mpunga mpya. Neema akasukuma hata sahani ya ugali, mkasema ananuna. Sasa Mama ananiambia unataka kumpeleka shamba la Mjomba, ambako mpunga haujavunwa, "ili azoee."

Baba, unajua kwamba kwenye labo yetu, maabara ninakofanyia kazi, tunafuga minyoo. Ulicheka sana uliposikia nimevuka bahari kuchunga minyoo wakati ng'ombe wa kule milimani Rurambo hawana mchungaji. Cheka, lakini sikiliza. Hawa si wa tumboni. Wanaishi kwenye udongo na matunda yaliyooza, ni wadogo hata jicho linawapata kwa shida. Seli zao za neva ni chache sana, lakini ziko zinazowaamsha watafute chakula, na ziko zinazowalaza.

Huwa tunawapitisha kwenye joto kali kwa muda mfupi, la kuwaumiza bila kuwaua, kisha tunawarudisha kwenye chakula chao. Hawali, Baba. Wanasimama katikati ya chakula, mdomo umeacha kumeza, mwili umetulia. Mwanzoni nilidhani wamekufa. Nikimgusa mmoja anaamka, anajikokota kidogo, halafu analala tena. Kumbe kichwani kuna seli moja inayopata habari kwamba mwili umeumia, nayo inaziagiza nyingine: acheni kutembea, acheni kula, tutengeneze kwanza kilichoharibika.

Tunao wengine ambao seli hiyo haifanyi kazi. Hao wakitoka kwenye joto wanaendelea kutembea na kula kama kawaida. Ungewapenda sana. Ungesema hao ndio watoto wenye adabu, wanajikaza. Ndio wanaokufa zaidi.

Sisemi Neema ni mnyoo. Mtu ana mambo mengi kuliko mnyoo, na malaria si joto la labo. Ninachosema ni kwamba hata kiumbe asiye na akili ya kujua jina lake, mwili wake unajua kumwambia alale akiumia. Na sisi wenye akili tunamwamsha kwa makopo, kisha tunamnyima wali kwa sababu alitii mwili wake. Kulala kwake mmeita uvivu, kutokula kwake mmeita kununa. Mgonjwa haulizwi uji, Baba, na ninyi mmemwuliza ndege!

Nawe mwenyewe mahubiri yakirefuka unasinzia kwenye benchi la mbele, na hatujawahi kukunyima wali.

Mama alinionya: "Usimwandikie baba yako vikali, weye unamujua." Namjua. Ni yule aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua, akakataa mtu yeyote anisemeshe njiani. Baba yule ndiye ninayemwandikia. Huyu wa makopo simfahamu.

Kwa hiyo naomba, na kama kuomba hakutoshi basi nasema: Neema asiende kwa Mjomba. Alale mchana, alale asubuhi, majirani waseme watakavyo. Akitaka kula, ale mpunga mpya wa kwanza kabisa. Sheria ya Babu naiheshimu, lakini Babu alitunga sheria, hakumtunga Neema.

Nisalimie Mama, na jicho lake alipeleke Uvira likaangaliwe, asingoje. Nisalimie Shangazi, mwambie nikija likizo nitampa shamba alinde siku moja, akae tu. Mjomba naye mwambie atafute mtu mzima mwenye afya wa kumfukuzia ndege.

Barua hii uwasomee wote. Neema ukimkuta amelala usimwamshe asikie. Yeye atanisikia akiamka.

Mwanao anayekuheshimu, akiwa bado na hasira,

Riziki