Nilimalizia mshono wa marehemu mke wangu, sasa binti yangu amefunga chumba

Mpendwa mshauri, nakuomba neno ingawa si kawaida yangu, mimi ndiye huwa naombwa, nimeshona miaka arobaini na sita na suti yangu haijawahi kurudishwa hata moja, uliza mtaa mzima, na shule niliishia darasa la tatu lakini tazama mistari ya barua hii ilivyonyooka, hiyo ni kazi ya jicho, mwalimu hana sehemu hapo.

Shida ni binti yangu. Ana miaka thelathini na nane, alirudi kukaa na mimi mama yake alipofariki mwaka juzi, na chumba changu cha kushonea nikamwachia yeye kwa sababu magoti yamekataa kanyagio la cherehani, macho hayana neno. Kazi yake ni picha za nguo. Hachori, anachukua shuka kuukuu, magunia, magazeti, waya, zipu zilizokufa, anavishona na kuvigandisha kwa gundi mpaka linapatikana dude la kutundika ukutani, halafu watu wanakuja kulitazama wamenyamaza kama wako msibani. Kitambaa kizuri cheupe anakilowesha na misumari yenye kutu siku tatu ili kutu ichore. Mimi maisha yangu yote nimeikimbia kutu, yeye anaikaribisha. Nikamwuliza, "Mama, hili doa utalitoa na nini?" Akanijibu, "Baba, hilo doa ndiyo kazi yenyewe." Nikanyamaza, maana mimi ni mtu wa kunyamaza, yeyote atakwambia.

Sasa mwaka huu akaanza kazi kubwa, upana wa ukuta mzima, ya maonyesho yanayofunguliwa Jumamosi ijayo. Alichukua karatasi zangu za kukatia suruali, zile za kahawia zenye vipimo vya watu ambao nusu yao wameshakufa, akazipanga chini yote, juu yake waya na vifungo, na katikati kabisa akaweka kitambaa cha meza cha mama yake. Hicho marehemu alikuwa anakitarizi alipokuwa anaumwa, maua ya buluu kuzunguka ukingo, akafika kona ya tatu hakuendelea. Uzi ulibaki unaning'inia, mrefu kama mkono wa mtu. Binti hakuukata, ukingo hakuupinda, akaacha vyote vivyo hivyo mbele za watu.

Jumanne alishinda kwenye jumba la maonyesho akipima ukuta wake. Mimi nikaingia kutazama tu. Nikauona ule ukingo unachambuka, na ule uzi, na ile kona tupu, na fundi wa kweli hawezi kupita akaacha kitu hivyo. Nikavuta kiti. Nikakata uzi, nikatia mwingine wa rangi ileile, rangi niliipata kwa jicho, nikatarizi maua saba mpaka kona ya nne, nikapinda ukingo, nikapiga pasi nikikwepa waya. Na ujue mke wangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto, mshono wake unalalia upande mwingine, kwa hiyo nikashona kinyumenyume siku nzima ili wangu ulale kama wake. Fundi wa pili wa kufanya hivyo mji huu hayupo.

Aliporudi alisimama mlangoni. Hakulia wala hakugomba. Akasogea, akapitisha kidole juu ya maua, akafika pale mkono wa mama yake unapoishia na wangu unapoanzia, akapapita! Akarudi nyuma, akapatafuta tena, hakupaona, naye kazaliwa na kulelewa chini ya cherehani yangu. Akaniuliza, "Baba, mama aliishia wapi?" Nikacheka, nikamwambia, "Ukipaona, mimi si fundi."

Tangu siku hiyo chumba kina kufuli. Chai ananipa, shikamoo ananipa kila asubuhi, lakini hanisemeshi zaidi ya hapo. Nimemsikia kwenye simu akiwaambia watu wa maonyesho, "Sina kitu cha kuleta, ukuta wangu mpeni mwingine." Dada yangu anasema niombe radhi, eti, "Kaka, umemzika wifi yangu mara ya pili." Nikamwambia yeye hata kifungo hajui kukaza.

Swali langu ni moja, mtu anaomba radhi kwa kazi nzuri? Binti anasoma gazeti hili, mwandikie humu humu aache ukaidi, aipeleke kazi. Uzi wenyewe sikuutupa, fundi hatupi uzi mrefu, nimeuzungushia kwenye kifungo, uko mfuko wa koti. Na pale alipoishia napajua, hata ukinifunga macho nitaweka kidole.

Fundi ambaye suti yake hairudishwi

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukugombeza, mara ya pili bado nilitaka. Mistari kweli imenyooka.

Hakuna aliyesema kazi yako ni mbaya. Ingekuwa mbaya, binti yako angeifumua Jumanne ileile, leo usingekuwa na sababu ya kuniandikia. Alikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo mkono wa mama yake ulisimama, akajenga ukuta mzima kupazunguka. Wewe umepafuta, tena kwa ustadi, halafu alipokuuliza ni wapi, ukacheka. Na zile karatasi zako za suruali, hujajiuliza kwa nini alizitandaza chini ya kila kitu? Baba mtu umo kwenye kazi hiyo tangu mwanzo. Hukuhitaji kuingia na mkasi.

Usiniambie pia kwamba ulikuwa unarekebisha pindo. Mwenye shida na pindo hashindi siku nzima akishona kinyumenyume kufuata mkono wa mkewe. Ulikuwa umekaa naye, mzee. Pole sana. Pole hiyo naisema mara moja, kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Binti yako simwandikii. Hajaniuliza kitu, na hana kosa.

Wewe fanya hivi, na ufanye leo. Nenda kagonge mlango wa chumba ambacho umezoea kuingia bila kugonga. Habari za suti ziache nje. Toa kile kifungo, umwekee mkononi na uzi wake. Usijitolee kuuunga, najua unaweza kuuunga pasionekane, ndiyo maana nakukataza. Halafu mwambie, "Mama, nisamehe. Alipoishia napajua, njoo nikuonyeshe." Weka kidole hapo, ukitoe, kisha nyamaza. Umesema wewe ni mtu wa kunyamaza, haya, tuone.

Kuanzia hapo mwenye kazi ni yeye. Akitaka kuyaacha maua yako akatia alama tu, sawa. Akisema ukuta umeshakwenda, umekwenda, wala usimpigie simu mtu wa maonyesho kumsemea. Na akikwambia ufumue, kaa chini ufumue mwenyewe, ua moja moja, kuanzia kona ya nne ukirudi nyuma, huku anakutazama. Ukifika kwenye mshono wa mwisho wa mama yake, mzee wangu, hapo ndipo uinue mkono.