Mchunga Miti wa Bula Pesa

Bula Pesa, Isiolo
9 Aprili 2023

Kwako binti yangu Nakuam,

Habari ya huko ugenini? Unakula, unalala, wanakuheshimu? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto. Hilo lilikuwa bovu hata kabla hujazaliwa, kwa hiyo tusilihesabu kama habari.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Mwalimu wetu wa ngumbaru anasema mwandiko wangu ni nyayo za kuku, lakini kuku anayejua anakokwenda. Kananu, jirani yetu muuza miraa, atazipiga picha kurasa hizi kwa simu yake akutumie. Najua atazisoma kwanza. Kananu, habari yako.

Sasa hayo maneno yako ya kupanda msitu wa chakula nyuma ya nyumba. Nakuam, joto la Doha limekusahaulisha kwenu? Hapo nyuma hakuna kivuli cha kutosha kuku mmoja. Saa saba mchana ardhi inachoma mpaka ndani ya patipati. Hata magugu yamehama.

Halafu mimi ni mtu wa mbuzi. Tangu ukame ulipomaliza mifugo yangu kule Ngaremara, ukamwangusha hata yule fahali mwekundu, nimekaa hapa mjini kama mgeni aliyesahau kuaga. Majani ni chakula cha mbuzi, na mbuzi ni chakula cha Mturkana. Huo ndio utaratibu.

Lakini umeomba, na kiwanja ulinunua wewe. Nitachimba shimo moja.

Ni mimi baba yako,
Lodio

Doha
1 Mei 2023

Kwako Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako, na kwa goti pia, maana ni mzee wa familia. Mimi namshukuru Mungu, nina afya. Jikoni kuna kazi nyingi lakini kuna baridi ya mashine.

Baba, huku ni jangwa kushinda huko. Lakini nyuma ya nyumba hii ninayopika kuna bustani ya Dima, Mborana wa upande wa Ethiopia, na humo mtu anakaa mchana bila kofia. Amepanda mitende juu, chini yake mikomamanga na mindimu, na chini kabisa mboga. Mrefu anamfunika wa kati, wa kati anamfunika mdogo. Nilipoona nikasema, hii Baba anaiweza.

Usichimbe shimo moja, chimba mengi, ya bakuli, maji yakae. Mwaga humo maji ya kuoshea vyombo. Mlonge na mbaazi zitangulie kwa sababu zinakimbia kukua, mipapai iingie katikati yake, na kunde zitambae chini. Majani yakianguka usiyafagie, yanaifunika ardhi isikauke. Najua Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anafagia uwanja kabla ndege hawajaamka, na watu wakiona majani watasema nyumba haina mwenyewe. Waache waseme.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mkataba wangu unaisha Machi mwakani. Wenye nyumba wanataka niongeze miaka miwili, na jibu wanalitaka kabla ya Krismasi. Mimi nimechoka, Baba. Nataka kurudi niuze mboga na miche hapo nyumbani. Nikikuta vumbi tupu nitarudi huku huku. Kwa hiyo huo msitu ndio utakaonirudisha.

Kuna mwenzangu anakuja likizo, nimempa tende zako. Kula, mbegu usitupe.

Binti yako,
Jane Nakuam

Bula Pesa
16 Julai 2023

Kwako Nakuam,

Habari za siku nyingi? Huku upepo tu na vumbi, lakini tunaamka. Tende zimefika, tamu. Mbegu nimeweka kwenye kopo la chai.

Miti iko kumi na minne! Nimeizungushia boma la miiba lenye mlango mmoja, kama inavyotakiwa. Kila jioni nasimama mlangoni nahesabu mpaka wote watimie ndipo naingia ndani. Kananu ananichungulia juu ya ukuta ananiuliza, "Lodio, unafikiri mti utapotea malishoni?" Namwambia anayehesabu hapotezi.

Wote wana majina. Mlonge mkubwa ni Kengele, kwa sababu ndiye anayetangulia. Yuko Madoa, yuko Pembe Moja, na yuko mpapai mmoja asiyetaka kukua niliyemwita Mkaidi. Majani siyafagii. Kananu amewaambia wanawake wa kanisani kwamba nyumba hii imekosa ufagio.

Mwezi uliopita mipapai sita ilianza kuwa minyonge. Mnyama akiwa mnyonge mimi sihitaji mwalimu. Nilikwenda duka la dawa za mifugo nikanunua chumvi ya kulamba, ile nzuri. Jana jioni nimempa kila mnyonge konzi moja kwenye shimo lake, na Mkaidi konzi mbili. Sasa nangoja wanenepe.

Baba yako,
Lodio

Doha
17 Julai 2023

Baba!

Salamu zitakuja mwishoni. CHUMVI? Baba, mti haulambi! Toa udongo wote wa juu leo hii, kisha mwaga maji mengi, mengi kabisa, mpaka chumvi ishuke. Dima amecheka mpaka amekaa chini. Halafu akaacha kucheka, akauliza ni konzi ngapi.

Habari ya goti?

Binti yako,
Nakuam

Bula Pesa
29 Agosti 2023

Kwako Nakuam,

Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Mipapai sita imekufa. Nilimwaga maji, nilikwangua udongo, lakini majani yaliungua pembeni kisha yakaanguka. Mkaidi alikuwa wa kwanza. Wamebaki wanane tu, wale ambao sikuwatibu.

Kananu ametangaza habari hii stendi nzima. Wauza miraa wananiuliza kama miti nimeshaipeleka kwenye josho, isije ikapata kupe. Nacheka nao. Lakini Nakuam, mzee kuchekwa kwa kazi asiyoijua ni jambo linalouma.

Juzi alikuja mnadani rafiki yangu Arero wa Kulamawe, unamkumbuka, yule anayesalimia kwa "salaam aleikum" mpaka mbwa. Ana mbuzi wengi na watoto wake wote wako shuleni. Ananitaka tuchunge pamoja, na nusu ya watakaozaliwa ni wangu. Alinikuta sokoni akaita kwa sauti, "Apaloreng!" Nilikuwa sijalisikia jina hilo mwaka mzima. Unajua kwetu mwanamume huitwa baba wa fahali wake. Mimi ni baba wa fahali mwekundu, na mwekundu alikufa. Hapa mjini naitwa "mzee, sogea."

Mvua ikianza nitakwenda. Mbegu zako za tende nimezizika katika yale mashimo ya chumvi. Kilichoharibika hakina cha kuharibika tena. Nisamehe mwanangu.

Baba yako,
Lodio

Doha
5 Septemba 2023

Kwako Baba,

Habari yako. Yangu si nzuri. Nimelia jikoni nikasingizia vitunguu.

Kwenda nenda, sitakuzuia. Kama ni jina unalolitafuta, nalielewa, maana hata mimi huku naitwa "wewe" asubuhi mpaka jioni. Lakini Baba, nilikuwa mdogo na bado nakumbuka ule ukame mwingine, mbuzi walipokufa themanini. Hukukaa chini. Uliwachunga wale tisa waliobaki mpaka wakawa kundi tena. Hao wanane wamekukosea nini?

Nimekasirika na sitaficha. Na kuna swali moja naomba ulijibu, kwa sababu wenye nyumba watalirudia: nikirudi Machi, nirudi kwa nani?

Binti yako,
Nakuam

Doha
12 Novemba 2023

Baba,

Unaendeleaje? Wiki tisa hakuna jibu. Kananu anasema mlango una kufuli tangu mvua ianze na simu yako haipatikani. Anasema pia barabara ya Kulamawe imekatwa na mafuriko. Sina hasira tena, nina hofu tu. Karatasi ya mkataba iko juu ya meza, na kalamu iko juu yake. Andika hata mstari mmoja.

Nakuam

Bula Pesa
4 Desemba 2023

Kwako mwanangu Nakuam,

Kabla ya habari, kabla ya goti: usitie saini.

Nilikwenda. Sikukujibu kwa sababu jibu la swali lako sikuwa nalo, na mzazi anaona haya kuandika "sijui". Kulamawe nilipokelewa vizuri. Maziwa yalikuwepo, na watu waliniita Apaloreng kutoka mbali kabisa. Lakini kila jioni tulipohesabu mbuzi, Arero akisema wametimia, mimi nilijikuta nasema, "Bado wanane." Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alihesabu upya. Siku ya tano aliniuliza, "Wanane gani, rafiki yangu?" Nikamweleza yote, mpaka ya chumvi. Akaniambia mtu ambaye hesabu yake haijatimia hapati usingizi, arudi nyumbani.

Nilipotaka kurudi, maji yakakata njia. Nimekaa wiki tatu nikitazama mvua na kufikiria boma langu. Mwisho nimepanda lori la mbuzi, nikasimama nao mpaka Isiolo, na goti linatoa ushahidi.

Nakuam, nilifungua mlango wa nyuma nikadhani nimekosea kiwanja. Kengele amepita paa. Mbaazi zimechanua, kunde zimepanda miiba ya boma mpaka juu, na mipapai miwili iliyobaki ina matunda mabichi yaliyobanana shingoni. Majani ambayo hayakufagiwa yananifika kifundoni. Niliyafunua kwa fimbo nikakuta udongo mweusi, wenye baridi, na minyoo. Minyoo, Bula Pesa!

Kisha nikaenda kwenye mashimo yangu ya aibu. Mvua imeshusha ile chumvi, na ndani ya mashimo manne imetoka mitende, kila mmoja jani moja, wima. Aliye mahali pa Mkaidi naye ni Mkaidi. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, na hapakuwa na kitunguu.

Uliuliza urudi kwa nani. Rudi kwangu. Nipo.

Baba yako,
Lodio

Bula Pesa
20 Februari 2024

Kwako Nakuam,

Hujambo mwanangu? Sisi wa huku tuko wazima, wote kumi na wawili na mimi.

Arero ananiletea gunia la mbolea ya mbuzi kila siku ya mnada, na anaondoka na matawi ya mlonge kwa ajili ya wana-mbuzi wake. Sasa ananiita mchungaji mwenzake mbele za watu. Kananu amekuja kuomba kunde. Nikamwuliza kama zinaweza kuota kwenye nyumba iliyokosa ufagio. Akazifunga kunde kwenye leso, kisha akaomba na miche.

Jambo lingine ni dogo. Watoto wa bombani wameanza kuwaelekeza watu kwangu kwa jina la Apa-Papai. Nilimlalamikia Kananu, mwanamume na umri wangu kuitwa baba wa mapapai. Akasema jina ulilopewa na watu halirudishwi dukani. Jana mama mmoja nisiyemjua alisimama mlangoni akaita, "Apa-Papai, hodi!" Nikaitika. Nimeitika kwa nguvu, Nakuam, na kwa furaha.

Papai la kwanza limeanza manjano. Halili mtu mpaka ufike.

Baba yako,
Lodio

Isiolo, nyuma ya nyumba
9 Machi 2024, saa saba mchana

Kwako Baba,

Habari za ngumbaru? Nimefika siku moja mapema. Kananu amenifungulia, anasema utatoka darasani saa kumi. Karatasi hii naibandika mlangoni mwa boma ili uione kabla hujapiga kelele.

Pale stendi nilimwambia wa bodaboda anipeleke kwa Lodio. Hakumjua. Nikasema Apaloreng, akatikisa kichwa. Nikasema Apa-Papai, akanipokea mzigo akasema, "Panda, hapo napajua."

Nimekuhesabia: wanane na wanne, wametimia. Papai nimelikuta mezani, nimekula nusu na yako nimeifunika. Sijafagia.

Nimelala chini ya Kengele, viatu nimevua, na ardhi haichomi. Kuku wanne wa Kananu walikuwa wameshakitwaa kivuli, ikabidi niwaombe wasogee. Ukirudi usiniamshe. Kaa tu hapo pembeni, nafasi iko.

Binti yako,
Nakuam