Karani Niliyemkataza Kuuliza

Jumatatu, 18 Agosti

Umeme umerudi karibu na adhuhuri. Mpaka hapo nilishafagia ofisi, nimekunywa chai mbili, na nimemhakikishia mteja wa Kurasini kwamba tovuti yake haijafa. Niliyekuwa gizani ni mimi.

Braza Elia kaingia na uso wa bili. Biashara yetu ni hii: tunakodi nafasi kwenye kompyuta za kampuni kubwa ya nje, kisha tunawapangisha wateja wadogo. Shule, kwaya, mawakala wa forodha, mafundi. Sasa kodi ya huko inameza kodi ya huku. Kasema isiposhuka, mmoja wetu atakaa nyumbani. Tuko wawili tu, na mmoja ni yeye mwenye ofisi.

Kwa hiyo nimeshinda naunganisha wakala wa akili mnemba na huduma moja ya kubana gharama. Huduma inaona nini kinatumika na nini kimelala. Wakala anasoma, anaamua, anafanya. Ufunguo wa kuingilia ulikataa mara nyingi, kumbe nilinakili na nafasi tupu mwishoni. Nimejitukana vya kutosha. Jioni ukakubali.

Nimempa wakala jina. Karani.

Jumatano, 20 Agosti

Karani anauliza sana. Kila akikuta kitu kimelala analeta swali lile lile: mwenye hifadhi hii bado anaihitaji? Leo nimefuatilia kweli. Nimempigia mwalimu mkuu, nimempigia mwenyekiti wa kwaya ya Mbagala. Kwaya wanaitaka. Shule walishasahau hata kama wanayo, nikafuta. Nimejisikia mtu wa maana.

Jioni nimepita kwa jirani yangu, Mama Zuhura, nimempelekea ndizi. Bado yuko eda. Mumewe, Mzee Nampota, tulimzika Mei. Nilikaa nao mkekani siku zote za matanga. Kuta zetu zinagusana hapa Kiwalani, ningekaa wapi tena.

Mzee alikuwa mchonga vinyago na alikuwa mteja wetu. Mimi ndiye niliyemshawishi. Kila kinyago alikipiga picha, kisha akarekodi sauti yake akieleza kile ni nani na kilimjiaje, Kimakonde kwanza, Kiswahili baadaye. Wanunuzi wa mbali walizipenda sana zile sauti. Ukurasa ukikwama alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, analalamika kama mtu aliyeibiwa kuku.

Mama Zuhura kaniuliza tena, "Zile sauti za Baba Zuhura zipo?"

Nimemwambia zipo tu, haziendi kokote. Kasema atazisikiliza akitoka eda, si sasa. Simu ya mzee iliibiwa wiki aliyolazwa hospitalini, na ukurasa wa wanunuzi tuliufunga baada ya msiba, kwa hiyo zilizobaki ni hizo za hifadhini kwetu.

Alhamisi, 28 Agosti

Karani kanichosha. Maswali tangu asubuhi, kama mtoto anayepelekwa safari. Wateja hawapokei simu. Aliyepokea kanigombeza kwamba namsumbua na mambo ya kompyuta ilhali yupo msibani. Braza Elia anapita nyuma ya kiti changu kila saa, anauliza tumefika wapi.

Nimebadilisha mipangilio. Kitu kisichofunguliwa kwa miezi mitatu: mwandikie mwenyewe barua pepe, msubiri wiki, asipojibu futa. Usiniulize.

Kimya kizuri. Kama kuvua viatu vinavyobana.

Jumatatu, 8 Septemba

Bili imeshuka. Imeshuka hasa. Braza Elia kanunua chipsi kuku na soda, kasema mimi ni jembe. Amerudia mara mbili mbele ya mpangaji wa chini anayeuza spea.

Hakuna mteja aliyelalamika. Nimejiambia kwamba kitu kikifutwa na asitokee wa kulia, basi hakikuwa na mwenyewe. Naiandika hapa kwa sababu leo naiona ni ya akili.

Jumapili, 21 Septemba

Mama Zuhura katoka eda. Kumesomwa dua, kumepikwa pilau, kina mama wamejaa mpaka kwangu. Kavaa baibui jipya na kakaa barazani kwa mara ya kwanza tangu Mei. Kapungua. Jua linamuumiza macho.

Nilipompa shikamoo alinishika mkono, hakuuachia. "Marahaba, mwanangu. Kesho jioni uje na hiyo kompyuta yako. Zuhura naye atakuwepo. Tuanze na kile cha bibi mwenye mtungi, mwenyewe alikuwaga anakipenda kile."

Nikasema nitakuja. Nimekula sahani mbili za pilau.

Jumatatu, 22 Septemba

Haipo.

Niliingia asubuhi nimuandalie, nimtengee kile cha bibi mwenye mtungi kiwe cha kwanza. Hakuna folda. Hakuna picha. Nilidhani nimekosea namba ya mteja, maana hifadhi zetu zina namba, hazina majina. Sikukosea.

Nikaenda kwenye kumbukumbu za Karani. Kaandika kwa adabu yake yote: Hifadhi haijafunguliwa tangu Mei. Mmiliki ameandikiwa. Hakujibu. Nimeendelea.

Mmiliki ameandikiwa. Alimwandikia marehemu.

Haikufunguliwa kwa sababu mwenye kuifungua alikuwa eda. Mtaa mzima unajua. Mimi najua, nilipeleka ndizi. Miezi minne na siku kumi mwanamke kakaa ndani na hajagusa cha mumewe, halafu mimi nikaweka sheria ya miezi mitatu. Karani angejuaje? Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kujaza miezi, hakuna sehemu ya kujaza msiba. Angeniuliza ningemjibu kabla hajamaliza swali.

Nimemtumia Mama Zuhura ujumbe kwamba kichwa kinauma. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumanne, 23 Septemba

Nimewaandikia kampuni ya nje. Wamejibu haraka na kwa upole, bora wangechelewa. Kilichofutwa kinakaa kwenye takataka wiki mbili, baada ya hapo hakirudi. Wiki mbili ziliisha Alhamisi iliyopita.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nafua pazia. Ningefungua tu kuangalia. Dakika moja.

Nimetafuta nakala kila mahali. Sisi hatuna tena nakala ya pili. Nakala za pili ndizo nilizozifuta mwanzo kabisa, zilikuwa za kwanza kwenye mapendekezo ya kubana gharama.

Zuhura kagonga mlango jioni kuniuliza hali. Nimejifanya nimelala.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemwambia Braza Elia. Kafunga mlango kwanza.

"Mwambie mtandao ulizingua, mitambo ya wazungu imeungua huko. Ataelewa nini yule mama? Usituharibie ishu."

Nikarudi kwenye kiti changu. Kilichoniuma si maneno yake. Nilishayafikiria kabla yake, na yangu yalikuwa yamepangwa vizuri zaidi.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeenda. Nilibeba kompyuta, sijui kwa nini.

Nimesema yote. Kwamba niliweka chombo cha kufuta vitu vilivyolala, kwamba kilikuwa kinaniuliza, kwamba nilichoka kuulizwa. Zuhura aliinuka katikati ya maneno yangu akaenda uani. Nilisikia anamwaga maji.

Mama Zuhura kauliza, "Na sauti pia?"

"Na sauti pia."

Alikigeukia kinyago kilichobaki mlangoni, kile ambacho mzee hakukimaliza, kina uso upande mmoja tu.

"Mie nilijizuia, Rehema. Kila siku natamani. Nikasema hapana, acha nimalize eda, nitamsikiliza nimetulia. Kumbe ningefungua siku moja tu ingebaki?"

Nilitaka kusema si kosa lake. Nikasema.

"Najua si langu," kasema. "Nenda kapumzike."

Hakuniita mwanangu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimemwonea wivu Zuhura aliyeweza kwenda kumwaga maji.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimemrudisha Karani kwenye kuuliza. Braza Elia kanuna, kasema bili itapanda. Ipande. Leo ameuliza kuhusu fundi cherehani wa Tandika. Sikupiga simu, nimekwenda mwenyewe. Yupo, mzima, anaihitaji.

Mchana nimepekua simu yangu nzima. Zile lawama za mzee nilikuwa nazifuta nikishazijibu, zilikuwa zinanijazia simu. Imebaki moja. Ya Februari. Nadhani niliisahau.

Nimeisikiliza ofisini nikiwa peke yangu, halafu nikaenda kunawa uso.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimempelekea. Sikuingia ndani, nilisimama mlangoni nikamrushia kwenye simu yake. Nilimwambia siyo zile, ni lawama tu, ni fupi. Mama na mzee waliishi chini ya bati moja, hakuna aliyewahi kumtumia mwenzake sauti. Kwa hiyo hii ndiyo pekee.

Kasema asante. Kafunga mlango taratibu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefua. Nimepika mchicha. Mvua ya kwanza imenyesha kidogo, vumbi limelala.

Ukuta wetu ni mwembamba. Baada ya magharibi Mama Zuhura huwa anaicheza. Kwanza tindo inagonga mti, kisha mzee anakohoa, kisha anasema:

"Rehema mwanangu, mbona kile kitu changu sikioni? Nimekitafuta wee. Hebu kiangalie basi."

Halafu anaanza upya. Leo karudia mpaka chakula changu kimepoa. Siku hizi siwashi redio jioni.