Risiti ya ada ya jengo

Shosti, usinipigie. Nimejifungia chooni kwa hasira.

Tumetoka kwenye mkutano wa wakazi sasa hivi. Mweka hazina wetu, yule fundi cherehani wa ghorofa ya pili, kasimama kusoma majina ya wasiolipa ada ya ulinzi na usafi. Wa kwanza mimi! Miezi minne! Mama mkwe wangu kakaa pale pale!

MIMI! Ninayelipa kila tarehe mosi!

Nikamwambia, "Nilimkabidhi mkeo, mlangoni kwako." Mkewe akasema, "Kweli alinipa. Nikajua ni hela ya nguo, nikanunulia vitambaa."

Hela ya nguo! Mimi nimeshona nini kwake, hata pindo?

Fundi kaniuliza kwa upole, "Risiti unayo, jirani?"

Mwaka jana, kwenye mkutano kama huu, jirani yetu daktari wa meno alitaka kila malipo yawe na risiti na pesa ziende benki moja kwa moja. Unajua nani alisimama kupinga? "Risiti za nini? Sisi si majirani?" Nilipigiwa makofi, shosti!

Katibu kafungua daftari la kumbukumbu za mikutano, kayasoma maneno yangu yote. Jengo zima, kitu pekee kilichoandikwa vizuri ni upumbavu wangu.