Benchi la Alhamisi

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie, lakini nakuamkia hivyo hivyo. Hujambo? Unakula? Unalala? Kikohozi kimekuacha? Miaka yote nimekujulia hali kwa mazoea tu. Safari hii nauliza kweli.

Sisi wazima. Mama mgongo bado unamsumbua, ila mdomo haujaugua, tangu alfajiri uko kazini. Mahindi uliyoyaacha yakitoa mbelewele tumeshavuna.

Nimeandika kwa sababu simu yako, nasikia, inapokewa na nyumba nzima. Bahasha nimenunua dukani, maana zile za zahanati zina mhuri. Isome ukiwa peke yako.

Mama Mdogo, lile jambo la siri yako kujulikana, nililifanya mimi. Watu wanasema ni umbeya wa wanawake wa bombani, na mimi nimekuwa nikitikisa kichwa kama vile simo. Nimo! Dawa za VVU zilipoanza kuletwa mpaka zahanati za vijijini, wakubwa walituuliza wauguzi tutapangaje. Nikanyoosha mkono wa kwanza, si unakijua kiherehere changu: wanaotumia dawa hizo wapewe siku yao, Alhamisi, na benchi lao uani, wasihangaike na foleni. Nikapigiwa makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba huko uani ndiko kwenye bomba, na kijiji kizima kinateka maji pale.

Wewe ulikuwa umejipangia zako. Ulikuwa unakwenda hospitali ya mjini, unaaga kwamba unafuata uzi wa cherehani, na kweli unarudi na uzi. Nikakung'ang'ania: nauli ya nini, na dawa ziko mlangoni kwangu? Ukakubali ili kunifurahisha tu. Ukaja, ukakaa pale umejitanda mtandio mpaka machoni, ndoo zimepangwa mbele yako. Mimi niko ndani, naimba.

Kesho yake mke wa mwalimu akaja kuchukua sare za wanawe, hata pindo hazijapigwa. Eti, "Usijali, fundi, nitamalizia mwenyewe." Yule, hata sindano hajui kuishika! Wakafuata wengine. Hukunigombeza. Bora ungenigombeza, ungenitukana hata, nikapumua. Ulifunika cherehani, ukasema unakwenda kumwona mjukuu.

Siku hizi Alhamisi ile haipo. Wa presha, wa sukari, wa uzazi wa mpango, wa VVU, wote wanapokea dawa dirisha moja, siku yoyote. Karibu wote wa lile benchi, waliokuwa wameacha kuja kwa aibu, wamerudi. Nikiwaona nafurahi, halafu hapo hapo naona aibu, maana tulijifunza kwa kukuumiza wewe.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiki. Chupa uliyoondoka nayo ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Imekwisha zamani, na nani asiyejua kwamba virusi vikikosa dawa vinaamka upya? Naogopa, Mama Mdogo. Naogopa nitaletewa habari yako na mtu mwingine.

Sikuombi urudi, wala unisamehe. Nakuomba unywe dawa. Nenda hospitali yoyote ya huko, useme zimekuishia. Hata kama huna karatasi ya uhamisho, waeleze tu, watakupokea. Huko hakuna anayekujua, hakuna wa kukupangia siku. Huko mimi sipo.

Msalimie mwanao, mkweo, na huyo mjukuu ambaye nasikia amerithi masikio ya babu yake, pole yake. Wakikuuliza nimeandika nini, waambie ni salamu tu. Mungu akusitiri pale mimi niliposhindwa, akupe nguvu na miaka mingi.

Mwanao akupendaye, japo nilikuponza,

Muuguzi wako