Sindano ya Mtoto wa Atieno

Mama mpendwa,

Habari za Nyamache? Hapa Nyansiongo baridi ni kali, lakini leo mimi nachemka kwa hasira. Nilimpeleka mwanangu Moraa kliniki achanjwe surua. Mbele yetu alikuwa Atieno, Mjaluo tunayechuma naye chai, na mtoto wake mgongoni. Mwaka jana alimzika mwingine kwa surua hiyohiyo. Muuguzi akamwambia, "Dawa ni ya watoto wa hapa. Nenda kwenu ziwani!"

Nikasema, "Basi wangu pia hachanjwi!"

Akina mama wote wakagoma kusogea mpaka mtoto wa Atieno akadungwa. Ndipo Moraa naye akachanjwa, Mama.

Ndizi za Baba tumezila zote. Mungu awalinde.

Binti yako,
Kerubo