Saa Imedhani Nimegongwa

Jumamosi, 14 Juni

Napiga mpunga tangu saa moja asubuhi. Mabega yanauma, uso vumbi tupu, moyo umetulia. Mpunga wa mwaka huu umeshiba. Unashika kitita, unakiinua juu ya kichwa, unakibamiza kwenye gogo, punje zinamwagika kwenye turubai. Unarudia hadi jioni. Mashine zipo, najua. Shamba hili ni la mama, mama alipiga kwa mkono na mimi napiga kwa mkono. Anayeona uchungu asiangalie.

Nimepanga chumba hapa Rujewa mpaka mavuno yaishe. Nyumba ya Iyunga nimeifunga.

Rashidi, mwanangu, kaniletea saa ya mkononi kutoka Iringa anakofanya kazi. Eti ukipata ajali inajua yenyewe, inawatumia watu wako ujumbe na ramani ya ulipo. Kisa napanda bodaboda. Nimeivaa kumridhisha. Nzuri lakini. Mama Tuse, ninayepiga naye mpunga, kasema sasa nimekuwa mheshimiwa.

Jumapili, 15 Juni

Aibu.

Saa nne hivi nabamiza, nimejifunga mtandio masikioni kwa sababu ya vumbi, sisikii kitu. Kumbe kile kisaa kinapiga kelele. Kinauliza kama nimepata ajali. Usipojibu kinahesabu, kikimaliza kinatuma ujumbe. Kikatuma. Rashidi kapiga simu analia. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili! Nimemwambia nimegongana na kitita cha mpunga. Hakucheka.

Hilo dogo. Bado namtuliza Rashidi, namwona mtu anakuja mbio juu ya tuta la mfereji. Kanga begani, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Mwajuma. Mdogo wangu, tumbo moja. Huu mwaka wa pili hatusemeshani. Anakaa karibu na mashine za kukoboa, si mbali na hapa. Rashidi aliweka namba yake kwenye saa bila kuniambia, kwa kuwa ndiye ndugu wa karibu.

Kaniangalia kichwa hadi miguu. Kaona mzima. Kageuka, kaondoka, hata salamu hakuna. Kandambili yake moja imebaki kwenye matope ya mfereji. Nimeitafuta baadaye, sikuipata.

Jumatatu, 16 Juni

Niandike tu, hakuna anayesoma.

Ilikuwa arobaini ya mama. Watu wamekaa, sahani za pilau mikononi. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia, kwamba Mwajuma haji akiitwa. Kwamba mama aliugua kwangu miezi mitatu na yeye kaonekana mara mbili. Kweli ilikuwa mara mbili. Lakini mumewe alikuwa kitandani, mguu umevunjika, hana wa kumgeuza ila yeye. Nilijua. Nikasema hivyo hivyo.

Na jana kaja na kandambili moja.

Rashidi kanielekeza kwa simu namna ya kuzima hicho kitu. Nimesema ndiyo, ndiyo. Sijazima.

Jumanne, 17 Juni

Imetuma tena. Wallahi sikukusudia.

Mwajuma kaja na bodaboda. Nikamwambia karibu maji. Akasema, "Asante dada, nina mpunga mashineni." Maneno matano. Nimeyahesabu. Ya kwanza tangu ile arobaini. Mama Tuse kasema nacheka peke yangu, nikapimwe.

Jumatano, 18 Juni

Kimya. Nabamiza kwa nguvu zote na saa imetulia tu. Mjinga huyu.

Mwajuma hakuja. Aje kufanya nini?

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya jambo baya.

Saa tano imelia, nimeisikia vizuri kabisa. Pale kwenye kioo pameandikwa niguse kama niko salama. Nimepaangalia. Sijagusa. Nimeiacha ihesabu mpaka mwisho. Rashidi nilimwandikia upesi kwamba ni mpunga tu. Mwajuma sikumwandikia.

Kaja kwa miguu, bodaboda hakupata. Jasho linamtiririka. Safari hii akakaa, akanywa maji yangu, akauliza mgongo wangu unaendeleaje na kazi hii. Mumewe sasa anatembea vizuri. Raha ilioje! Ningenyamaza tu. Lakini akasema saa hii itamuua yeye kabla yangu, maana ikilia anamwomba Mungu njia nzima. Nikashindwa. Nikamwambia leo niliisikia, nikaiacha.

Akasimama. "Dada, umenikimbiza roho mkononi kwa mchezo?"

Nikasema si mchezo, nilitaka uje. Nikasema na la arobaini, kwamba nilijua habari ya mguu wa shemeji na bado nikakuaibisha, nimekosea, nisamehe. Nimelitoa lote kwa pumzi moja.

Kajikung'uta makapi, kaenda zake. Mama Tuse kajifanya hajasikia. Ana adabu akitaka.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia Rashidi, kanielekeza upya, sasa nimezima kweli. Siiti tena mtu kwa uongo. Kauliza mbona sauti yangu hivyo. Nimesema vumbi.

Nimeswali, nimeomba toba. Mwajuma nimeshamwomba, la kujibu ni lake. Ninachoogopa ni kimoja. Keshokutwa mpunga unaisha, narudi Iyunga. Tukiachana hivi sidhani kama tutasemeshana tena.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya mwisho. Vitita vimebaki vichache. Saa nimeiacha chumbani chini ya mto, na simu nayo.

Kwenye saa nne nimeinua kichwa, Mwajuma huyo anakuja juu ya tuta la mfereji. Anatembea polepole. Kandambili mpya, miguu yote miwili. Mkononi chupa ya chai na maandazi kwenye kitambaa.

Maneno ya Alhamisi hakuyagusia. Kajifunga kanga kiunoni, kachukua kitita, kasimama upande wa pili wa gogo. Tumepiga kwa zamu, yeye, mimi, yeye, mimi, kama mama alivyotufundisha. Anabamiza vibaya hadi leo, punje zinaruka nje ya turubai. Nimemwambia. Kasema, "Dada, funga mdomo tupige mpunga."

Tumemaliza saa nane. Chai ilikuwa na sukari mno. Nimekunywa vikombe viwili.